Miche Inayorefuka na Kulala: Mwongozo wa Kulea Miche kwa Mwanga, kwa Sisi wa Lamu

"Mbona miche yangu ya tungule imerefuka, imepauka, na sasa inalala? Niitilie mbolea gani?"

Swali hili hurudi kila masika yakikaribia, Mkomani na Langoni, Shela na Matondoni, na anayeuliza mara nyingi ameshanunua mbolea, anasubiri tu kuambiwa kipimo. Kipimo ni hiki: usitie. Mche uliorefuka haukukosa chakula. Umekosa mwanga, au umepata mwanga wa namna isiyoufaa, na homoni zake zikafanya kazi yake vilivyo: zikalisukuma shina likalitafute jua. Ukiongeza mbolea yenye naitrojeni nyingi kama CAN, shina linapata nguvu ya kurefuka zaidi.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, mwenye trei moja au mbili juu ya paa, kwenye ua wa ndani au kando ya shamba. Nimezifikiria zaidi nyumba za mji wa kale, ambako vichochoro ni vyembamba, kuta ni nene na jua la ndani ni la kuvizia. Hata hivyo mwenye shamba bara, Hindi au Mpeketoni, hatakosa lake.

## Nadharia, kidogo tu

Mmea hauna macho, ila una protini zinazohisi mwanga. Za kuzijua kwa kazi yetu ni mbili.

Ya kwanza ni fitokromu. Hii hulinganisha rangi mbili: nyekundu ya kawaida (nanomita 660 hivi) na nyekundu ya mbali (nanomita 730 hivi), ambayo jicho la mtu haliioni vizuri. Jua la wazi lina zote mbili karibu sawa kwa sawa. Jani la kijani huila nyekundu ya kawaida na kuiacha ile ya mbali ipite. Basi mche ukipokea mwanga wenye nyekundu ya mbali nyingi, unajua kuna jirani juu yake. Fitokromu inazimika, okisini, homoni ya kurefusha shina, inatengenezwa kwa wingi majanini na kuteremka shinani, jiberelini, homoni nyingine ya kurefusha, inaziondoa protini zilizokuwa zikizuia ukuaji, na chembe (seli) za shina zinavutika. Hapa hakuna chembe nyingi mpya, ni zilezile zimevutika. Ndiyo maana shina hilo huwa refu na laini kwa pamoja, na ndiyo maana halirudi kuwa fupi hata ukilihamishia juani kesho.

Ya pili ni fototropini. Hii husoma mwanga wa buluu na kuujulisha mche mwanga unatoka upande gani.

Gizani mambo huwa hayohayo, kwa ukali zaidi. Joto nalo huchangia: mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba fitokromu hupima joto pia, kwa kuwa usiku ukiwa na joto fitokromu iliyowaka huzimika upesi zaidi. Usiku wa Machi hapa kwetu, kabla upepo wa kusi haujaanza, ni usiku wa kurefusha miche.

Nadharia imekwisha.

## Kusanya hivi kabla ya kuanza

- Mbegu. Tungule, pilipili, biringani, saladi, mrehani, papai, upendavyo. Angalia tarehe kwenye pakiti. Mbegu iliyokaa kwenye joto la dukani mwaka mzima haifai bei yake.
- Trei za miche, au makopo na vikasha vya maziwa vilivyotobolewa chini. Bila matundu usianze.
- Udongo mwepesi: sehemu mbili za udongo wa juu wa shamba, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga usio na chumvi.
- Maji yasiyo na chumvi. Ya mvua ndiyo bora. Mwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, ana bahati. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na mche mchanga hauivumilii.
- Karatasi nyeupe, na kadibodi au ubao uliopakwa chokaa.
- Neti ya kivuli, nyeusi. Ile ya kijani iache: inapitisha nyekundu ya mbali kuliko nyekundu ya kawaida, kwa hiyo inauambia mche uongo uleule unaosemwa na majani ya mti.
- Wembe au mkasi mkali.

Samadi ya punda tunayo ya kutosha, tena bila kulipa, ila isiwe mbichi. Irundike, ilowe, igeuzwe, hadi isiwe na joto wala harufu. Punda hasagi chakula chake sawasawa, kwa hiyo samadi isiyooza vizuri itakuotea majani ya porini kuliko tungule. Kuhusu mchanga, ule wa pwani una chumvi. Na tafadhali usiende kuchota kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Chini yake ndiko maji matamu ya mji huu yanakohifadhika.

## Hatua kwa hatua

1. Pima mwanga wa mahali kabla ya kupanda chochote.

Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka trei, kisha unyooshe kiganja juu yake, kama sentimita 30. Kivuli chenye kingo kali maana yake mwanga unatosha. Kivuli chenye ukungu, ambacho huwezi kuhesabu vidole vyake, kinafaa saladi na hakifai tungule. Usipoona kivuli kabisa, hapo weka mtungi wa maji.

Rudia saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Nyumba nyingi za mawe jua huingia uani saa moja au mbili tu likiwa kichwani, na mtu akipima mara moja, mchana, hudanganyika. Tungule, pilipili na biringani zinataka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Kwa wengi wetu hilo linamaanisha paa.

Hapa niseme jambo ambalo wanaoanza hulipuuza, nalo ndilo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: kivuli cha ukuta si kivuli cha mwembe. Ukutani mwanga umepungua lakini rangi zake zimebaki karibu kama zilivyo, hasa ukuta ukiwa na chokaa. Chini ya mwembe au mkungu nyekundu ya kawaida imeliwa na majani, na iliyobaki ni ile ya mbali. Kwa macho yako maeneo mawili haya yanaweza kuonekana sawa, hata chini ya mti pakapendeza zaidi kwa ubaridi wake. Mche unaona tofauti kubwa. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kivuli, chagua cha ukuta mweupe.

2. Jaza trei na uziloweshe.

Jaza, gongagonga chini udongo ushuke, ongeza, kisha mwagia maji hadi yatoke chini. Subiri maji yachuje ndipo upande. Ukimwagia baada ya kupanda, mbegu ndogo huelea na kukusanyika pembeni.

3. Panda kwa kina kinachostahili.

Tungule, pilipili na biringani: sentimita moja. Mrehani: udongo wa kunyunyiza tu juu. Papai: kwanza sugua mbegu kwa mchanga au kitambaa hadi ule ute wa nje uishe, kwa kuwa ute wenyewe huzuia mbegu isiote, kisha panda sentimita moja hadi moja na nusu.

Saladi ni habari nyingine. Mbegu zake nyingi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zibonyeze juu ya udongo na usizifukie. Ni kwa mbegu hizi ndipo ilipojulikana jinsi mmea unavyosoma mwanga mwekundu: mwaka 1952, huko Beltsville, Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao waliziangazia mbegu za saladi nyekundu ya kawaida zikaota, wakaziangazia nyekundu ya mbali baadaye zikakataa, na hata walipobadilishana rangi hizo mara nyingi, iliyoamua ni ile ya mwisho. Shida yetu ya Lamu ni kwamba mbegu hizohizo, udongo ukipita nyuzi 30 hivi, hulala hata kama mwanga upo. Zipande jioni, uziweke nyumba ya chini karibu na dirisha siku za kwanza. Kuota hakuhitaji jua kali, mwanga hafifu unatosha. Zikishachomoza zipandishe juu mara moja.

4. Siku ya kuchomoza, funua asubuhi hiyohiyo.

Watu wengi hufunika trei kwa gunia au karatasi ya nailoni ili unyevu usitoke. Ni sawa. Kosa ni kufunua "kesho kutwa". Mche ulio chini ya udongo huwa na shina refu, majani yamefungwa, na shingo imepinda. Ethilini, homoni iliyo gesi, ndiyo inayoishikilia ile shingo ipinde ili ncha isichubuliwe na udongo. Mwanga ukiipata ncha, fitokromu huwaka, shingo hunyooka, majani hufunguka, shina hupunguza mbio. Ukiuacha mche chini ya gunia siku nzima baada ya kuchomoza, unaendelea kuamini bado uko ardhini na unaendelea kukimbia.

Kuanzia siku ya nne baada ya kupanda tungule, chungulia kila asubuhi. Pilipili na biringani huchelewa, papai huchelewa zaidi, wiki mbili hadi nne. Ukiona shingo tatu nne zimejitokeza, ondoa kifuniko chote. Usisubiri zilizobaki.

5. Punguza mapema, na uache nafasi.

Hapa huruma ndiyo inayoharibu. Mtu ameotesha miche mitano kwenye kikopo kimoja, anaona uchungu kuing'oa minne. Lakini majani ya kila mche hurudisha nyekundu ya mbali kwa jirani yake, kwa hiyo miche inajua imesongamana hata kabla mmoja hajamtia mwenziwe kivuli. Yote mitano inaanza kushindana kurefuka, na unapata mitano mibovu.

Jani la kwanza la kweli likitokea, bakiza mmoja kila shimo. Mingine ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa unavuruga mizizi ya unaobaki. Baadaye majani ya miche jirani yakianza kugusana, tawanya makopo.

6. Zungusha trei, weka cheupe nyuma.

Miche ikiegemea upande mmoja haiumwi. Fototropini imeona buluu upande huo, okisini imehamia upande wa kivuli, upande huo umerefuka kuliko mwingine, na shina limepinda. Charles Darwin na mwanawe Francis walilionyesha mwaka 1880 kwa kuvivika vichipukizi vya nyasi kofia ndogo: kilichofunikwa ncha hakikupinda, kilichofunikwa chini kilipinda. Ncha inaona, shina linatii.

Kwako wewe: zungusha trei nusu mzunguko kila asubuhi, na uweke ule ubao wa chokaa upande wa pili wa mwanga, karibu kabisa. Kwenye ua wa ndani ubao mmoja mweupe hufanya kazi kubwa ajabu.

7. Mwagia asubuhi, si jioni, na si kila saa.

Ingiza kidole hadi fundo la kwanza. Kukiwa kumekauka, mwagia. Kukiwa na unyevu, achana nayo.

8. Ipe miche mtikisiko.

Mche unaoguswa na upepo hutengeneza shina fupi na nene. Mguso wenyewe hubadilisha homoni zake. Juu ya paa kusi na kaskazi zitakufanyia kazi hii bure. Kwenye ua usio na upepo, pitisha kiganja au kadibodi juu ya ncha za miche, polepole, mara kumi hivi, asubuhi na jioni. Tungule na biringani hupenda sana. Pilipili usiipanguse, majani yake hujeruhiwa upesi. Na usipanguse mche wowote uliolowa, utaeneza magonjwa.

Upepo wa paa zilizoelekea bahari huja na chumvi. Ukingo wa majani ukiungua, weka kinga ya makuti upande wa bahari, usifunge pande zote.

9. Zoesha jua kidogo kidogo.

Mche uliolelewa uani ukipelekwa shambani moja kwa moja utababuka majani yawe meupe. Wiki moja kabla ya kupandikiza, uanze na jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili, uongeze kila siku, mchana uwe chini ya neti nyeusi. Siku mbili za mwisho ulale nje bila neti.

10. Pandikiza jioni.

Tungule ikiwa na majani manne au matano ya kweli, wiki ya nne hadi ya sita. Pilipili huchukua wiki sita hadi nane. Chagua jioni au siku ya mawingu, mwagia kopo kabla ya kutoa mche, na ushike kidonge cha udongo, usishike shina.

Tungule iliyorefuka kidogo ina dawa: izike hadi karibu na majani ya kwanza ya kweli, au ilaze shina mferejini na kuinyanyua ncha. Shina lake lina uwezo wa kutoa mizizi lote, na okisini inayoteremka kutoka nchani husaidia. Usifanye hivyo kwa mpapai, utauozesha shingo. Saladi pia shingo yake ibaki juu.

11. Kata ncha, kwa ile inayostahili.

Mrehani usiokatwa ncha hupanda juu, hutoa maua, hukauka. Ukifikia jozi ya tatu au ya nne ya majani, kata ncha juu kidogo ya jozi. Okisini ya nchani ndiyo iliyokuwa ikiyalaza machipukizi ya pembeni; ikiondoka, saitokinini, homoni ya kuamsha machipukizi, inayapa nafasi, na kila kifundo kinatoa matawi mawili. Baada ya hapo kata kila wiki, na wale wanaotunga vikuba hawatakosa rehani.

Sharti moja: fanya kazi hii mahali penye jua. Kwenye kivuli cha majani machipukizi ya pembeni hayaamki vizuri hata ncha ikiondoka, kwa sababu fitokromu nayo ina neno katika jambo hilo. Ndiyo sababu mtu hukata ncha ya mrehani ulio chini ya mti na kubaki na kijiti kisicho na matawi.

Mpapai usiukate ncha.

## Kwa anayekaa nyumba ya chini bila jua

Taa ya LED nyeupe, ile yenye mwanga wa kibuluu kuliko ule wa manjano, inafaa. Ina buluu ya kutosha kulizuia shina, na nyekundu ya mbali kidogo sana. Iweke sentimita 15 hadi 20 juu ya ncha za miche, uinyanyue miche inapokua, na uiwashe saa 14 hadi 16 kwa siku. Taa iliyotundikwa darini haisaidii kitu, kwa kuwa mwanga hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali. Zile taa za zamani za waya unaowaka, mbali na kula umeme, zimejaa nyekundu ya mbali, kwa hiyo zitakurefushia miche.

Usiku izime. Tungule ikiwashiwa taa saa 24 majani yake hugeuka manjano.

## Kuotesha vijiti vya mrehani na asumini

Nimeongeza hili kwa sababu swali lake huja pamoja na lile la kwanza.

Mrehani: kata kijiti cha sentimita kumi kisicho na maua, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji, mahali penye mwanga lakini si juani. Badilisha maji kila siku mbili. Mizizi hutoka kwa wiki moja au mbili. Ukiifunika sehemu ya chini ya glasi kwa karatasi maji hayatafanya ukijani, na mizizi hupendelea giza.

Asumini ni kaidi zaidi. Chukua tawi lililoanza kukomaa, si bichi wala si kuukuu, lichovye unga wa kuoteshea wa duka la pembejeo (huo ni okisini ya kutengenezwa), kung'uta uliozidi, kisha chomeka kwenye mchanga na udongo na ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Kuzidisha unga hakuharakishi, huunguza. Na angalia usikigeuze kijiti juu chini: okisini husafiri kutoka nchani kwenda shinani, haibadili njia kwa sababu wewe umekosea upande.

## Mambo yanayoharibu kazi

Usinyunyize jiberelini kwenye miche. Siku hizi inauzwa kwa majina mengi ya "kuchangamsha mimea", na ina kazi zake kwenye matunda na maua, lakini iligunduliwa kutokana na mpunga unaorefuka hadi kuanguka: Eiichi Kurosawa wa Japani mwaka 1926 alionyesha kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachoirefusha miche hiyo. Miche yako tayari ina tatizo hilohilo.

Usitumie bomba la kupulizia lililowahi kutiwa dawa ya magugu ya 2,4-D. Dawa hiyo ni okisini ya kutengenezwa, na tungule huihisi hata ikibaki kidogo tu ndani ya bomba. Ukiazima bomba, uliza kwanza lilifanya kazi gani.

Usiweke trei jikoni, karibu na moshi wa mkaa au kapu la ndizi na maembe mabivu. Vyote hutoa ethilini. Mwaka 1901 huko St Petersburg, Dimitry Neljubov aligundua kwamba njegere zake za majaribio zilikuwa fupi, nene, na zimelala kwa sababu ya ethilini iliyovuja kutoka gesi ya taa za chumbani.

## Ukiona hivi, fanya hivi

*Shina refu, jeupe, majani madogo.* Giza au mwanga hafifu. Hamisha leo. Tungule zike, nyingine panda upya. Mbegu ni rahisi kuliko miezi mitatu ya kulea mche dhaifu.

*Shina refu lakini kijani, na mwanga unaonekana mwingi.* Msongamano, au mti juu, au neti ya kijani. Tawanya, hamisha, badilisha.

*Miche imeanguka, shingo imenywea na kuwa ya kahawia usawa wa udongo.* Hiki ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu, wala si urefu. Toa iliyoanguka pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza upepo. Shina laini lililorefuka hupatwa upesi zaidi.

*Majani ya tungule yameinamia chini lakini hayajanyauka, ni magumu ukiyashika.* Udongo umejaa maji. Mizizi ikikosa hewa hupeleka juu malighafi ya ethilini, na ethilini ndiyo inayoyashusha majani. Watu huona majani yameinama wakaongeza maji. Acha yachuje, tazama kama matundu yameziba.

*Majani mapya yamejisokota, membamba, mishipa imekaribiana.* Fikiria 2,4-D kwanza, kutoka kwenye bomba au kwa upepo wa shamba jirani. Virusi pia huleta hali inayofanana. Vyovyote iwavyo, usipandikize mche huo.

*Madoa meupe makavu baada ya kuhamisha nje.* Kubabuka na jua. Majani hayo hayaponi, yatakayokuja yatakuwa sawa. Rudi hatua ya 9.

*Vitunguu vimetoa majani mazuri miezi mingi, havitoi kichwa.* Mbegu yako ni ya nchi za mbali. Kitunguu huanza kujaza kichwa kikishahesabu urefu wa mchana, na hapa Lamu, nyuzi mbili na kidogo kusini ya ikweta, mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote hupishana kwa kama robo saa tu. Aina zinazosubiri mchana wa saa 14 au zaidi zitasubiri milele. Nunua aina za mchana mfupi kama Red Creole, na ukiwa dukani soma pakiti kabla ya kulipa.